Stefano Kaoze, mwanafunzi aliyebaki darasani

Mto mkubwa unaopita mbele ya Isangi hukusanya maji ya nchi nyingi. Hapo hapo Isangi huingia mto Lomami, utokao mbali huko Katanga. Tena ndani ya mto mkubwa mna maji ya ziwa Tanganyika: hutoka ziwani karibu na Kalemie kwa njia ya mto Lukuga, huingia katika Lualaba, hushuka mpaka maporomoko ya Kisangani, ndipo hufika Isangi. Katika ukingo wa ziwa hilo, kusini ya Kalemie, kipo kijiji kiitwacho Mpala. Mwishoni mwa karne ya 19 palikuwa na shule ndogo mahali pale, shule ya wavulana wachache. Katika shule hiyo alitoka Stefano Kaoze, padre wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Jina lake linajulikana na Wakristu wengi. Mambo ya shule ile hayasimuliwi sana, nayo yanamhusu kila mtu ambaye bado anahesabu miaka ya ukatekumeni wake.

Kaoze alizaliwa yapata mwaka 1886 katika milima ya Marungu, iliyo juu ya ziwa upande wa magharibi. Ukoo wake ulikuwa wa Bena Kilunga, ambao baadaye yeye mwenyewe aliuandikia historia. Alikulia katika miaka ya hofu. Wafanyabiashara ya watumwa walivuka ziwa kutoka Ujiji, wakapanda mpaka vijijini, wakachoma nyumba, wakawafunga watu minyororo na kuwapeleka pwani. Rumaliza, aliyekuwa na nguvu katika Ujiji, alitaka kandokando zote za ziwa ziwe chini ya mkono wake. Watu wengi wakakimbilia karibu na misioni, kwa kuwa huko Kapteni Leopold Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Baba Mtakatifu, aliwalinda kwa jeshi dogo la wenyeji. Vita vile vilikwisha mwaka 1894. Basi Kaoze alikuwa mtoto wa miaka minane hivi wakati njia za nchi yake zilipoanza kupitika bila hofu, na mtoto kuweza kutumwa shuleni akarudi.

Mpala penyewe palikuwa ngome kwanza. Mbelgiji Emile Storms aliijenga mwaka 1883, na mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Kuta zilizojengwa kwa ajili ya bunduki zikawa kuta za misioni, nyumba ya yatima na shule. Mwaka 1893 Padre Victor Roelens akaanzisha misioni nyingine kusini yake, huko Kirungu, iliyoitwa zamani zile Baudouinville. Mwaka 1896 Padre huyo akawekwa wakfu kuwa Askofu wa nchi ile yote. Alikuwa mtu wa amri, mkali kwa wengine na kwa nafsi yake. Aliona wazi kwamba mapadre wageni ni wachache, kwamba homa huwaua upesi, na kwamba Kanisa lisilo na mapadre waliozaliwa katika nchi yenyewe ni kama nyumba inayoegemea nguzo za kuazima. Kwa hiyo aliamuru kwamba katika Mpala, baadhi ya wavulana waliokuwa wakitayarishwa kuwa wakatekista wafundishwe Kilatini. Ndiyo iliyokuwa seminari ya kwanza ya pande zile.

Msomaji asidhani kwamba ilikuwa nyumba kubwa yenye madarasa mengi. Ilikuwa wavulana wachache, padre mmoja au wawili, ubao, vitabu vilivyotoka Ulaya kwa meli na kwa vichwa vya wapagazi, na ratiba. Yeyote aliyepata kufundisha darasa dogo anajua kwamba lina ugumu wake. Katika darasa la watoto sitini mvivu hujificha nyuma ya mwenzake. Katika darasa la watoto sita hana pa kujificha, na kila jibu lake husikiwa. Tena katika darasa kubwa mtoto mmoja akitoroka, mwalimu anaweza kumaliza juma zima kabla ya kutambua. Katika darasa dogo nafasi iliyo tupu humtazama kila mtu, na walio karibu nayo huanza kujiuliza wao wanangoja nini. Shule ndogo huvunjika hivyo, bila kelele, kiti kwa kiti.

Kaoze aliingia katika masomo hayo mwishoni mwa karne ya 19, naye alikuwa mvulana wa miaka kumi na michache. Alikwisha kupita shule nyingine, ile inayopitwa na kila Mkristu. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868, aliwawekea sheria kwamba katika Afrika mtu asibatizwe kabla ya kufundishwa miaka minne. Miaka miwili ya kwanza alihesabiwa kuwa mwombaji tu, akijifunza kweli za msingi. Miwili iliyofuata alikuwa mkatekumeni, akijifunza sala, amri na Sakramenti. Wazee wengi walinung'unika kwamba muda huo ni mrefu. Wengine waliuacha njiani, wakarudi baadaye wakaanza upya. Kardinali hakuilegeza sheria yake, kwa kuwa aliona kwamba anayebatizwa leo kwa haraka huonekana kesho katika kafara za mizimu. Kijana aliyekwisha kuzoea mwendo huo wa miaka minne hakustuka sana alipoambiwa kwamba njia ya upadre ni ndefu zaidi. Lakini hata yeye hakujua itafika miaka mingapi.

Kilatini kilikuwa mlango wa masomo yote. Misa, Breviari, vitabu vya filosofia na teolojia, vyote vilikuwa katika lugha hiyo, na hali ilikuwa vivyo hivyo mpaka miaka ya Mtaguso wa pili wa Vatikano, ulioanza mwaka 1962. Kwa mtoto anayesema Kiswahili na lugha ya Marungu, Kilatini ni kitu kilichopinduliwa. Sisi hubadili neno kwa mbele: mtoto, watoto, kitabu, vitabu. Waroma wa kale walibadili neno kwa nyuma: mtoto ni puer, watoto ni pueri, na neno hilo hilo hupata mwisho mwingine likiwa la mtu anayetenda, na mwingine likiwa la mtu anayetendwa, au anayepewa, au mwenye mali. Yapo makundi matano ya majina, na katika kila kundi mwanafunzi hana budi kukariri miisho yote, ya umoja na ya wingi. Hapana njia ya mkato. Husomwa asubuhi, huandikwa, hufutwa, husomwa tena jioni. Kesho yake mwalimu huuliza ya jana kabla ya kuongeza ya leo. Mtoto aliyekosa siku tatu kwa sababu ya mavuno hukuta wenzake wamevuka mto naye amebaki ng'ambo.

Hapo ndipo majira yanapoingia katika habari ya shule. Huko Ulaya waalimu huyaogopa majira ya machipuko, kati ya mwezi wa tatu na wa sita: baridi imekwisha, jua limerudi, miti inatoa majani mapya, na watoto hutazama dirishani kuliko ubaoni. Kandokando ya Tanganyika hakuna majira hayo, lakini yapo yanayofanana nayo. Tangu mwezi wa tano hata wa tisa nchi hukauka, na moto hupita nyikani. Halafu, kunako mwezi wa kumi, mawingu hukusanyika juu ya ziwa, mvua za kwanza hushuka, na baada ya siku chache milima yote huwa kijani. Ndiyo saa ya jembe. Mbegu haingoji, mama anahitaji mikono, mtoto aliye shuleni huonekana nyumbani kama mtu anayestarehe. Kwa watu wa Isangi, ambako mvua hunyesha karibu kila mwezi, saa hiyo haiji kwa kishindo namna hiyo. Lakini wanaifahamu kwa njia nyingine: maji ya mto yanapopungua na samaki wanapopatikana, madawati ya shule huwa matupu.

Mapadre wa zamani hawakushindana na majira. Waliyaingiza katika ratiba. Katika shule zao kazi ya mikono ilikuwa sehemu ya siku kama vile sala na kusoma. Asubuhi vitabu, mchana jembe, tena vitabu. Wanafunzi walilima chakula chao wenyewe. Kwa hiyo mvua za kwanza hazikuwa adui wa shule. Zilikuwa somo lake mojawapo. Jambo hilo lastahili kuangaliwa na kila mwalimu wa shule ndogo ya kijijini. Mtoto anayepima tuta kwa hatua zake, anayehesabu mashimo na mbegu za kila shimo, anayeandika siku ya kupanda na siku ya kuota, anafanya hesabu na kuandika, ingawa mikono yake ina udongo. Lililo la lazima ni kwamba kengele ilie saa ile ile, na kwamba baada ya shamba kitabu kifunguliwe tena. Shule nyingi hazikuuawa na jembe. Ziliuawa na siku ile moja ambayo, kwa sababu ya jembe, kitabu hakikufunguliwa, ikafuatwa na nyingine.

Wenzake Kaoze waliondoka mmoja mmoja. Sababu zao zilikuwa zile zile za mahali pote. Kukariri kulichosha. Wengine hawakuwa na akili ya vitabu, wakafaa kwa kazi nyingine. Ndugu walitaka kijana aoe, kwa kuwa kwao mtu asiye na mke wala watoto alikuwa kama mti uliokauka, na jina la ukoo lingekoma. Tena palikuwa na neno lililozidi yote: hakuna aliyekuwa amemwona mtu wa nchi yao akifika mwisho wa njia ile. Mseminari wa leo ana padre wa kumtazama na kusema moyoni kwamba inawezekana. Wavulana wa Mpala hawakuwa naye. Ni kweli kwamba katika ufalme wa kale wa Kongo, karibu na bahari, walikuwako mapadre Wakongo, na Henrique, mwana wa mfalme Afonso, alifanywa Askofu mwaka 1518. Lakini habari hizo zilikuwa zimelala karne nyingi, wala hazikuwa na nguvu kwa mtoto wa Marungu.

Basi darasa lilipungua mpaka likambakia Kaoze. Mtu mwenye kuhesabu faida angalisema kwamba shule imekufa: padre mzima afundishe kijana mmoja, wakati vijiji vingi havijapata mwalimu hata mmoja? Walikuwako Wazungu waliosema kwa uwazi kwamba Mwafrika hawezi kuwa padre, hawezi kushika useja, hawezi kuelewa filosofia. Kama Kaoze angalirudi nyumbani, wangalipata ushahidi waliouhitaji. Inawezekana alilijua jambo hilo. Mzigo kama huo si mwepesi kwa kijana. Askofu Roelens hakufunga mlango. Kengele ililia kwa ajili ya mwanafunzi mmoja kama ilivyolia kwa ajili ya wengi, somo la jana likaulizwa kabla ya somo la leo, na masomo yakaendelea.

Yalipokwisha ya Kilatini alianza filosofia huko Lusaka ya Mtakatifu Yakobo, katika nchi ya Moba, isiyo mji mkuu wa Zambia. Miaka ile ilikuwa mibaya. Ugonjwa wa malale uliingia kandokando ya ziwa mwanzoni mwa karne ya 20, ukala vijiji. Mbung'o waliuchukua kutoka mtu hata mtu, na dawa ya kuaminika haikuwapo. Wakristu waliobatizwa baada ya miaka minne ya kungoja walizikwa kwa makundi. Kusoma habari za nafsi na mwili katika vitabu, na nje ya dirisha watu wanasinzia mpaka kufa, kulihitaji moyo mgumu au moyo ulioshikwa mahali.

Katika muda huo alifanya jambo ambalo hakuna Mkongo aliyelifanya kabla yake. Aliandika kwa Kifaransa juu ya watu wake: jinsi wanavyofikiri, wanavyopenda, wanavyoona aibu, wanavyomtaja Mungu. Maandishi hayo yalichapishwa huko Ubelgiji, katika gazeti la Revue congolaise, mwaka 1910 na 1911, nayo huhesabiwa kuwa maandishi ya kwanza ya Mkongo yaliyopigwa chapa kwa Kifaransa. Siku hizi wataalamu wanayasoma na kuyachambua. Wengine huona kwamba mwandishi aliwasikiliza mno waalimu wake, na hukumu hiyo haikosi ukweli. Lakini yapasa kukumbuka mahali alipokaa alipoandika. Alikuwa bado mwanafunzi, peke yake, katika shule iliyomfundisha kuyatazama mambo ya kwao kwa macho ya wageni; naye akaitumia kalamu ile ile kuonyesha kwamba watu wa kwao wana akili na moyo. 

Tangu hapo angaliweza kupata kazi nzuri. Mtu aliyejua Kifaransa, Kilatini na Kiswahili kwa ufasaha alihitajiwa na serikali na wafanyabiashara, tena alilipwa. Alibaki. Desturi ya seminari za wakati ule ilikuwa kumjaribu mseminari kwa kumpa kazi kabla ya kumruhusu kuendelea, hasa kazi ya kufundisha. Ndipo mtu hujifunza mara ya pili yale aliyodhani anayajua. Baada ya majaribio ikaja teolojia, na pamoja nayo ikaja vita. Mwezi wa nane mwaka 1914 meli ya Wajerumani ilishambulia upande wa Kongo wa ziwa, na kwa muda wa miaka miwili hivi Tanganyika ilikuwa mahali pa mizinga. Vijana walichukuliwa kuwa wapagazi wa majeshi. Katika nchi jirani mambo yalikuwa yametangulia kidogo: Uganda ilipata mapadre wake wa kwanza wawili, Victor Mukasa na Basil Lumu, mwezi wa sita mwaka 1913. Habari hiyo bila shaka ilikuwa faraja kubwa katika misioni zote za Mapadre Weupe.

Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, Askofu Roelens aliweka mikono yake juu ya kichwa cha Stefano Kaoze na kumpa Sakramenti ya Upadre. Tangu siku alipoanza masomo ya seminari ilikuwa imepita yapata miaka 18. Alikuwa na umri wa miaka 31 hivi. Urefu huo haukutoka wote katika ugumu wa masomo. Sehemu yake ilitoka katika mashaka ya wakubwa, waliotaka kujaribu na kujaribu tena kabla ya kuamini. Mwezi wa kumi mwaka ule ule Rwanda nayo ikapata mapadre wake wawili wa kwanza, Donat Reberaho na Balthazar Gafuku.

Baada ya upadirisho walimpeleka wapi mtu huyo aliyesubiriwa hivyo? Walimrudisha darasani. Alikuwa mwalimu katika seminari ndogo ya Lusaka, akifundisha wavulana waliotoka vijiji kama kile chake. Sasa wao walikuwa na mtu wa kumtazama. Ratiba ilikuwa ile ile, na mvua za kwanza ziliwaita vijana nyumbani kama zilivyowaita wenzake wa zamani. Tofauti ilikuwa kwamba aliyesimama mbele ya ubao alijua kwa mwili wake mwenyewe jinsi mtu anavyochoka katika mwaka wa tatu na wa nne, wakati upya wa mambo umekwisha na mwisho hauonekani bado.

Katika miaka ya 1920 na 1921 alifuatana na Askofu Roelens mpaka Ulaya, akazifikia nchi ambazo vitabu vyake vya kwanza vilitoka. Aliporudi alishika kazi za misioni kwa miaka mingi. Serikali ya wakoloni nayo ilimwita katika halmashauri ya kuwalinda wenyeji, na baada ya vita kuu ya pili ya dunia akaingia katika Baraza la Serikali la Kongo ya Kibelgiji, mahali ambapo Wakongo walikuwa wachache kuliko wavulana wa darasa lile la Mpala.

Askofu Roelens alikufa huko Baudouinville mwezi wa nane mwaka 1947, akiwa mzee wa karibu miaka 90. Mwanafunzi wake aliishi miaka mingine minne, akafariki mwaka 1951. Mwaka 2017 Kanisa la Kongo liliadhimisha miaka 100 ya upadirisho ule.